Tepe za Mfukoni

Mimi Loretta, muuguzi kwa miaka ishirini na sita sasa hapa Duluth, Marekani, kile kidude kipya cha mkononi cha kuhakikisha mgonjwa ni yuleyule kabla ya dawa nilikichukia tangu siku ya kwanza. Wagonjwa wanadhani unachati. Halafu chumba cha tisa kiko ubavuni mwa lifti, mtandao unakatika kila saa; unasimama na sindano yako, unakibembeleza kisome utepe wa jina kwenye mkono wa mgonjwa. Jamani, kazi gani hiyo?

Nikabuni ujanja. Nikachapa tepe za ziada za wagonjwa wangu, nikazitia mfukoni. Nazisomesha mezani kwetu, penye mtandao mzuri, kidude kinawasha taa ya kijani, naenda kuchoma sindano. Wenzangu wakaniiga, wodi nzima.

Asubuhi moja nikapeleka insulini ya Mzee Halvorsen, kitanda cha mlangoni. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka masikioni.

"Mzee Halvorsen, sindano yako."

"Mmh."

Nikamfunua tumbo, nikampaka spiriti.

"Sista," akasema macho kafumba, "leo hunisomi mkono? Yule wa jana alinisoma."

"Mzee nawe! Nimeshakusoma kule mezani."

"Mkono wangu ninao hapa. Wewe umesoma wa nani?"

Nikausoma kwa hasira, ili anyamaze tu. Taa nyekundu, na jina lingine: Pruitt, wa kitanda cha dirishani! Mgonjwa wa mapafu, kisukari hana hata chembe. Kumbe wazee wale walibadilishana vitanda wenyewe baada ya chai, Halvorsen apate kuiona dirishani meli ya kwanza tangu barafu iyeyuke ziwani. Dozi ile ingemwangusha Pruitt, pengine asiamke tena. Niliogopa kweli; nikaifunika sindano, nikairudisha kwenye trei.

Hakuna aliyeona. Ningeweza kunyamaza, lakini tepe kama zangu zilikuwa kwenye mifuko ya wodi nzima. Kwenye kikao cha mchana nikazimwaga zangu mezani mbele ya Yolande, mkuu wetu, nikasema yote. Nilijua nafukuzwa.

"Mna wazimu nyie?" akafoka. Kisha akashusha sauti. "Mbona hamkuniambia mtandao ni mbovu?"

"Ungesema tumezeeka, hatutaki mambo mapya."

Akakuna shingo. "Kweli, ningesema."

Akaamuru kila mtu atoe za kwake, zikajaa sahani. Akawapigia mafundi hapohapo: chumba cha tisa kitengenezwe leo, na safari hii wauguzi waulizwe. Mimi akanipa barua ya onyo. Niliipokea kwa mikono miwili.

Nikarudi kwa Pruitt. "Mzee, asubuhi nilikaribia kukuua."

Akauliza, "Kesho zamu ya nani?"

"Yangu. Ila ukitaka nitakuletea mwingine."

"Wa nini?" akasema. "Huyo mwingine bado hajaogopa. Njoo wewe."