Kibehewa cha Chini ya Bahari

Baba yangu, Festus, alikuwa stesheni masta huko Voi kwa miaka ishirini na saba. Alipokuja kuishi nami mtaani Mount Dennis, Kanada, alikuwa na hamu moja tu, nayo haikuwa ya nchi hiyo. Alitaka kwenda Japani, apande kibehewa kinachoteremshwa kwa kamba ya chuma hadi kwenye reli iliyochimbiwa njia chini ya bahari. Video yake alikuwa nayo kwenye simu.

"Njoo uone, mama," aliniita kila nilipotoka kazini. Nina jina la mama yake, Bosibori, kwa hivyo hakuwahi kunifokea maishani.

Nami nilikuwa nauguza watu zamu mbili. "Mwaka ujao tutaenda, Baba." Nilisema hivyo miaka minne, na kila mwaka aliniamini.

Mwaka 2015 ikafunguliwa jijini kwetu njia ya miguu chini ya ziwa, ya kwenda uwanja wa ndege wa kisiwani. Nikaona hiyo itamtosha mzee. Hata nikajiona mjanja.

Baba alivaa koti lake la kazi na kofia. Tulipofika kule chini, mbele ya sakafu inayojiendesha, alisimama wima, akanyoosha mkono, akaelekeza kidole mbele, akapaza sauti: "Njia wazi!" Ndivyo alivyoruhusu kila treni kuondoka Voi. Watu wenye masanduku wakakwama nyuma yetu, mmoja akacheka. Nikaona aibu.

"Baba, please! Hii si reli. Unaniaibisha mbele ya watu!"

Akashusha mkono. "Sawa, mama."

Hakuitaja tena Japani. Februari iliyofuata moyo wake ulisimama, mimi nikiwa zamu, namuuguza baba wa mtu mwingine.

Baada ya mazishi niliwasha simu yake. Video ilikuwa ya dakika sita, na sikuwahi kuvuka hata ya kwanza. Niliketi kitandani mwake nikaitazama yote. Abiria wanaingia, mlango unafungwa. Kisha mhudumu mzee mwenye kofia kama ya Baba anasimama wima, ananyoosha mkono, anaelekeza kidole chini gizani, anapaza sauti. Abiria wametulia. Hakuna anayecheka. Kibehewa kinaanza kuteremka.

Kumbe hicho ndicho alichotaka nione.

Nikairudisha video mwanzo.

"Nimekuja, Baba," nikasema. "Nionyeshe."