Resori Nyekundu za Libérat

Motokari ya Clovis ilikuwa chini mpaka kuku wa mtaa wa Mulongwe walikuwa wanaihurumia: hata wao walikuwa na miguu mirefu kuliko yake. Aliinunua Bujumbura, tayari imeshushwa na mwenyewe wa kwanza, resori, springi zake za chuma, zimekatwa ili ilambe lami vizuri. Bahati mbaya, Uvira lami ya kulamba si nyingi. Kila shimo lilikuwa limeacha alama tumboni mwake.

Alhamisi asubuhi akaileta kwa Libérat, fundi waliyesoma naye sekondari, benchi moja. Libérat akaiegemea kwa mikono miwili juu ya tairi la mbele, akaachia. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mlevi anayetafuta kiti. Akachungulia chini. Amortisa zote nne, ambazo kazi yake ni kuutuliza mrusho huo, zilikuwa zinalia mafuta.

"Hizi zilikufa zamani," akasema. "Weye ulikuwa natembeza marehemu."

"Ndiyo nimeleta mupya!" Clovis akafungua katoni. "Amortisa ine, hizi hapa. Resori utafute weye, lakini fupi, eh? Ikae chini vile vile. Kesho kutwa, siku ya posho, niko napeleka dote, mahari yenyewe, Makobola, kwa baba yake Noella. Na weye utakuja, ndugu yangu. Wakwe wamesema saa sita kamili. Ikipita, turudi na mbuzi wetu."

Noella. Jina lilimwingia Libérat kama mchanga kwenye beringi.

Miaka miwili nyuma, Noella huyo alikuwa anakaa hapo hapo garajini, juu ya tairi kuukuu, anakula ndagala za kukaanga na kumcheka fundi. Nyuma ya garaji kulikuwa na motokari ya Libérat mwenyewe, imepandishwa juu ya mawe, haina moteri, boneti tupu bila injini. Alikuwa ameanza na alichokipata: resori nne za taksi, ngumu, ndefu, akazipaka rangi nyekundu. "Hizi ndizo zitanileta kwa baba yako," akamwambia siku moja.

"Resori bila moteri?" Noella akacheka. "Utafika lini, papa?"

Hakusema "hapana". Alisema "lini". Lakini Libérat alibaki anangoja moteri, na Clovis akaja na motokari nzima.

Ijumaa alifanya kazi huku roho inamchemka. Alifikiria kurudisha amortisa zile mbovu, azifute tu zing'ae. Mikono ikakataa, mikono ya fundi ina haya kuliko moyo wake. Ndipo jicho likaangukia resori nyekundu chini ya meza. Resori za kubeba watu wanane na magunia ya mihogo! Ukizivalisha kimotokari kitupu, kitasimama juu kama mbuzi aliyeng'atwa na siafu. Clovis atafika hivyo kwa wakwe, na Noella atacheka. Kicheko cha Noella, Libérat alikijua. Kinaua.

Akafunga amortisa mpya, kisha resori nyekundu zote nne, moja baada ya nyingine, anapiga mluzi.

Jumamosi Clovis akaja amevaa suti, akaganda mlangoni.

"Libé! Hii ni nini? Niingie ao nipande?"

"Fupi zilikosa sokoni," Libérat akadanganya, macho kwenye spana zake.

"Watanicheka, bwana!"

"Ingia!" akafoka Mama Concilie, shangazi yake Clovis, chupa ya soda mkononi. "Saa ziko nakwenda."

Na kweli walichekwa. Mtaa wa Kalundu mzima, watu wa pikipiki walikuwa wanapiga kelele: "Grand, ngoja tukuletee ngazi!" Libérat, kiti cha nyuma, aling'ata midomo kwa furaha.

Kabla ya Makobola furaha ikakatika. Mvua ya usiku ilikuwa imekata barabara, imechimba korongo. Taksi ya wajomba zake Clovis, iliyotangulia na mbuzi wa mahari, ilikuwa imelala juu ya tumbo lake katikati ya mawe. Clovis akasema "Mungu wangu," akakanyaga mafuta. Motokari ikatumbukia, ikainama, ikapanda ng'ambo, tumbo halikugusa hata jiwe. Ikatulia mara moja. Soda ya Mama Concilie haikumwagika. Wakarudia mara mbili kuvusha wajomba, mara ya tatu mbuzi, na saa sita kasoro dakika tano wakaingia uani.

Papa Mathieu, baba yake Noella, mvuvi asiyesifu kitu ovyo, aliizunguka motokari polepole.

"Wengine wanaleta motokari ya kujionyesha," akasema. "Huyu ametengeneza ya kufika. Binti yangu atakuja kutuona hata wakati wa mvua."

"Ni akili ya huyu, papa," Clovis akamvuta Libérat mbele. "Minye nilitaka ya chini. Yeye alikatala!"

Vigelegele. Libérat akapewa kiti chenye mto, karibu na wazee. Mto ulimchoma kama makaa.

Noella akatoka na beseni na jagi, ananawisha wageni. Alipofika kwa Libérat, jicho lake likapita kwenye tairi la nyuma, likaona resori nyekundu. Kicheko alichokuwa nacho mdomoni kikazimika.

"Libé. Hizi si zile?"

"Ni zenyewe."

"Ulisema zitakuleta kwa baba."

"Si niko hapa?"

Akammiminia maji, muda mrefu kuliko wote, mpaka jagi likaisha. Mafuta meusi ya kwenye kucha hayakutoka.

"Fundi!" Clovis akaita. "Kuya tupige picha na motokari!"

Akaenda. Clovis akamwekea mkono begani, na Libérat, kwa mazoea tu, akaiegemea motokari kuipima. Ikashuka kidogo, ikarudi, ikatulia. Kazi safi. Hajawahi kufunga resori vizuri namna hiyo. Akatabasamu kwa ajili ya picha.