Kitufe cha Uso Ulionuna

Nyinyi mnaojipanga kwenda kupiga kelele kwenye ofisi za vioo, kaeni kwanza niwaambie tulichomfanyia karani wa dirisha la tatu.

Mimi shule sikukaa sana. Ninachokijua nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia vitu na vitabu vya sheria visivyo na majalada, nikakishindilia kichwani hadi mtaa ukaniita Katiba. Kichwa hiki hakisahau kitu. Nilikuwa najivunia.

Kampuni ilikabidhiwa maji ya mji mzima. Mwaka wa kwanza bomba lilitoka kila siku. Wa pili likatoka siku mbili kwa wiki. Wa tatu mtaa wetu ukakauka kabisa, wiki kumi na moja, na katika wiki hizohizo malori ya maji yenye nembo ya kampuni hiyohiyo yakawa yanapita kutuuzia kwa ndoo. Haihitaji digrii kuelewa. Bomba likitoka, nani atalikimbilia lori? Tukaandika barua, wakazigonga muhuri wa kupokelewa, ikawa ndiyo basi. Meneja alikaa ghorofa ya nne, na lifti ya kwenda huko haifunguki bila kadi.

Ndipo nikakiona kile kidude. Kila dirisha la ofisi yao lina kisanduku cha plastiki, saizi ya kipande cha sabuni, chenye vitufe vitatu vya nyuso: wa kijani unacheka, wa njano umenyamaza, mwekundu umenuna. Juu yake wameandika kwamba maoni yako yanafika makao makuu kila Ijumaa. Nilisoma mara mbili. Nikasema moyoni, hawa wamesahau mlango wazi.

Kamati ilikaa sebuleni kwa Mama Pacha, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nikawapa mpango. Watu mia kwa siku. Kila mmoja achukue namba ya foleni, aende dirisha la malalamiko, aulize swali moja tu, maji yatatoka lini, halafu abonyeze uso ulionuna. Hakuna jiwe wala moto, polisi watakosa pa kutushika. Ijumaa wakubwa wafungue kompyuta zao wakute wekundu mtupu. Fundi baiskeli, mtu mpole ambaye huuliza kila kitu mara mbili, akataka kujua kama tuna hakika vile vitufe vinampima nani. Nikamuuliza kati yake na mimi nani msomaji. Watu wakacheka, akanywea.

Dirisha la malalamiko ni la tatu. Karani wake alikuwa mtoto wa mdogo wangu, tumbo moja.

Lazima mjue habari ya mdogo wangu. Tulikuwa wote kiwanda cha nguo. Tuligoma siku arobaini, na siku ya thelathini na tatu yeye akapita geti la nyuma akaingia kazini. Alisema mtoto anaumwa na hana dawa. Mtoto mwenyewe ndiye huyu karani. Wiki iliyofuata mgomo ukavunjika, nikafukuzwa mimi na wenzangu sitini. Yeye akabaki ndani akivuta vumbi la pamba mpaka mapafu yakaziba. Siku hizi hatoki kitandani bila kushikwa mkono, na mkono wenyewe ni wa binti huyo, hana mwingine. Kwake sijakanyaga tangu mgomo. Binti alikua akiniamkia njiani, shikamoo baba mkubwa, nami nikiitikia marahaba huku naangalia pembeni.

Basi tukaanza. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kila anayefika dirishani lazima karani amwambie asante kwa kuwa mteja wetu, tunaomba uvumilivu wako. Ni maneno waliyoandikiwa na hawaruhusiwi kuyaruka. Watu wakayashika kama wimbo. Mama Pacha alikuwa anamwitikia kwa sauti ileile ya kubembeleza, kisha anabonyeza uso ulionuna kwa kiwiko, halafu anarudi mwisho wa foleni kuchukua namba nyingine. Mzee mmoja alibonyeza kwa pua. Mwingine alikuja na chupa ya maji ya mtaroni, akaiweka juu ya kaunta na kumwambia anywe kidogo tumwone. Binti akaisogeza pembeni kwa vidole viwili, akamshukuru kwa kuwa mteja wao.

Halafu tukagundua kitu. Karani haruhusiwi kuacha dirisha wakati kuna mtu mbele yake, na wa kumpokea anakuja mara moja tu, saa saba. Tukaipanga foleni isiwe na pengo. Siku ya nne, saa tisa hivi, alinyanyuka nusu, akabana magoti, akaketi. Akanyanyuka tena, akaketi. Mama Pacha akatangaza kwa ukumbi mzima kwamba kumbe Bomba Kavu lina maji. Ukumbi ukaangua kicheko. Mlinzi alicheka. Nilicheka mimi. Tangu saa ile jina lake likawa Bomba Kavu, na watoto wa mtaa wakampokea nalo jioni alipokuwa anarudi na viatu mkononi.

Maana alikuwa anarudi mtaani kwetu. Bomba lake lilikuwa kavu kama langu, na ndoo zake alizipanga mlangoni kama sisi. Hakuna aliyelitaja hilo kwenye kamati.

Jumapili ya pili, baada ya chakula cha mchana, akaja kwangu. Alivua kandambili mlangoni, akaamkia, akabaki amesimama kwa sababu sikumkaribisha kiti.

"Baba mkubwa," akasema, "kile kitufe hakimpimi meneja. Kinanipima mimi."

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mteja. Kila Ijumaa anapewa karatasi yenye alama zake. Wiki tatu mfululizo chini ya kiwango, mkataba unakatwa palepale. Mbili zilikuwa zimeshapita. Hakuniomba tuache. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo. Alisema tukitaka kuwaumiza twende nyuma ya tangi kuu, wanakojazia malori, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla la kwanza halijatoka. Geti ni moja na njia ni nyembamba; watu thelathini wakikaa chini, hakuna gurudumu linalosogea. Wenye mahoteli na viwanda wanaongojea maji hayo hawana subira kama yetu, wao simu zao zinapokelewa ghorofa ya nne. Siku tatu nne, mabomba yatafunguliwa.

Nilimwangalia yale macho. Ni ya baba yake, makubwa, yanayoomba radhi kabla ya kukosa.

"Baba yako kakutuma?"

"Baba hajui kama niko hapa."

"Kwenu mnayajua sana mageti."

Akainamisha kichwa. Akavaa kandambili, ya kushoto kwanza, akakosea, akaanza upya. Akiwa ameshika fremu ya mlango akasema, "Wiki moja tu, baba mkubwa. Waambie wabonyeze hata wa njano."

Sikuwaambia. Kamati ilikutana jioni ileile, na Mama Pacha akauliza kama kuna jipya, nikajibu kazi iendelee. Jumatatu nikachukua namba ya kwanza mwenyewe. Nikauliza maji yatatoka lini. Nikabonyeza uso ulionuna huku namtazama, nikashikilia kidole hapo kuliko inavyohitajika. Akaniambia asante kwa kuwa mteja wetu. Sauti haikutetemeka. Nilitamani itetemeke.

Ijumaa ya tatu, saa nne asubuhi, lifti ikafunguka na meneja akashuka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona: mtu mfupi, shati jeupe, anatabasamu kama tumemwalika. Akasimama katikati ya ukumbi akasema wateja wapendwa, tumewasikia, maoni yenu yamefanyiwa kazi, na huduma isiyoridhisha katika dirisha la tatu imeondolewa kuanzia sasa. Tukapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Wengi hawakuelewa wanashangilia nini, walisikia tu kwamba mkubwa ameshuka na kampuni imekubali kosa. Binti wa mdogo wangu akatoka mlango wa pembeni na mkoba, sweta na mto mdogo wa kukalia. Alipita katikati yetu kwa sababu hakuna njia nyingine. Mtu akapaza sauti, Bomba Kavu limeng'olewa. Mimi nilielewa, na makofi yangu ndiyo yaliyodumu kuliko ya wote.

Jumatatu dirisha la tatu lilikuwa limezibwa kwa ubao, juu yake namba ya simu. Ukipiga, sauti ya mashine inakwambia malalamiko bonyeza tatu. Mama Pacha alibonyeza tatu siku nzima, akachezewa muziki.

Kampuni ilijua inachofanya, msidhani naiachia bila lawama. Ilimweka mtu wa mshahara mdogo mbele ya hasira zetu kama gunia la mchanga, ikatukabidhi na kitufe cha kumtwangia. Tukatwanga wiki tatu tukidhani tunapiga ghorofa ya nne, na huko juu wakapata walichokitaka: karani mmoja pungufu, na sisi ndio tuliotia saini. Wengine walitwanga kwa kutojua. Mimi nilikuwa nimeambiwa nikiwa nyumbani kwangu, mchana kweupe.

Baadaye nikaitisha kamati. Nikasema nimefikiri sana, twende geti la malori, saa kumi na mbili na nusu. Fundi baiskeli akauliza nimejuaje saa yenyewe. Nikamwambia mimi huwa natazama vitu. Tukakaa chini watu hamsini. Siku ya kwanza madereva walitutukana, nikawaambia wenzangu wasiwajibu, dereva ni mtu wa kazi kama sisi, wampe maji ya kunywa. Maneno mazuri, niliyasema bila haya. Siku ya nne, saa tano, mtu akaja anakimbia kutoka mtaani kusema bomba la kona linatoka.

Wakanibeba mabegani. Hadi bombani. Foleni ilikuwa imeshazunguka nyumba tatu, watu wanaoga na nguo zao, na Mama Pacha kasimama mbele anapanga zamu. Akawaambia wote wanipigie makofi, maana bila kichwa cha Katiba tungekufa na kiu. Wakapiga. Wakanipa nafasi ya kwanza, nikatega ndoo.

Ndipo nikamwona binti wa mdogo wangu. Alikuwa ameshika dumu la lita ishirini, na Mama Pacha alikuwa anamsukuma begani kumtoa kwenye mstari, anamwambia wa kampuni wakachote kwa kampuni. Alikuwa amewahi mapema, alikuwa mtu wa sita au wa saba. Hakubishana. Alikuja moja kwa moja kwangu, akainama karibu na sikio, watu wakidhani ananiamkia.

"Baba mkubwa, waambie. Sitaki kazi, kazi imekwenda. Waambie tu ile ya geti ilitoka kwa nani. Baba anataka aogeshwe, na hawa hawataniacha nichote."

Watu walikuwa wananitazama, nadhani walitaka hotuba. Ndoo yangu ilikuwa imejaa, maji yanamwagika miguuni. Fundi baiskeli alikuwa hatua mbili kutoka hapo, na alikuwa ananitazama kuliko wote.

"Panga foleni, mwanangu," nikasema, kwa sauti ya kutosha.

Akaenda mwisho.