Vichwa Vinavyoruka Ukurasa

Mkunga alirudishiwa tasnifu yake kwa mara ya tatu saa nne asubuhi, siku ya mwisho ya kupokea. Saa sita dirisha la kupokelea lingefungwa.

"Mama, kurasa nusu tupu," alisema karani wa mitihani, ambaye wanafunzi walimwita Rula kwa sababu alipima pambizo kwa rula hata kwenye kioo cha kompyuta. "Kila kichwa kidogo kinarukia ukurasa mpya. Kanuni hairuhusu. Umri huu, si ungempa mtu akuchapie?"

Umri huu! Miaka ishirini na sita ya kuzalisha watoto wa watu, mitano ya mwisho akisoma akitoka zamu na macho mekundu. Asipopokewa leo angengoja mwaka mzima, na ile nafasi ya kufundisha wakunga wapya ingekwenda kwa mwingine. Lakini Mkunga hakuwa mtu wa kutishiwa nyau.

Alikaa kwenye benchi la korido, akafungua kompyuta mapajani. Siku zote alikuwa akivisukuma vichwa kwa kubonyeza Enta mpaka kidole kinakufa ganzi. Akirekebisha hapa, kule kunaharibika. Leo akawasha alama zilizofichika. Enta zake zikajitokeza safu kwa safu, akazifuta zote bila huruma. Vichwa vikabaki vinaruka vilevile. Basi kosa si langu, akawaza, na hasira ikampanda vizuri.

Akabofya kichwa kimoja, akafungua mpangilio wa aya. Hilo hapo! Tiki kwenye "anza ukurasa mpya", tena imewekwa kwenye mtindo wenyewe unaotawala vichwa vidogo vyote. Mtindo huo hakuubuni yeye. Ulitoka kwenye kiolezo, faili tupu ambalo ofisi ya Rula ilimlazimisha kila mwanafunzi aandikie ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaondoa tiki. Vichwa vyote vikarudi mahali pake, akalipeleka faili dirishani.

"Umegusa kiolezo," alisema Rula. "Hakiguswi."

"Baba, fungua kile cha ofisini, kitupu. Andika vichwa viwili tu."

Foleni nyuma yake ikasogea. Walikuwa watu kumi na mmoja, kila mmoja amekwisharudishwa kwa kosa hilohilo. Rula akaandika. Kichwa cha pili kikarukia ukurasa mpya, na kila aliyenyoosha shingo alikiona.

Rula akainama, akashusha sauti. "Sawa, mama yangu. Lete fomu ya kupokelewa nikugongee muhuri uende zako. Haya mengine tutayazungumza wiki ijayo."

Wiki ijayo, wakati hawa wote wameshakosa mwaka! Muhuri ulikuwa tayari umelowa wino. Mkunga aliutamani, tusidanganyane. Lakini akaivuta fomu yake nyuma, mbali na muhuri.

"Sigongewi peke yangu." Akageukia foleni. "Fungueni mashine zenu, wanangu, niwaonyeshe tiki ilipo."

"Mama, muda hautoshi kwa wote!" alisema Rula.

"Basi anza sasa hivi, na huyu wa mbele. Mimi nitakuwa wa mwisho. Na saa sita ikinikuta sijafikiwa, baba, dirisha hili utalifunga mkono wangu ukiwa ndani."