Sakafu ya Kiwanda cha Kanoni

Nilikoboa kahawa katika kiwanda cha Kanoni miaka kumi na tisa, na anayebisha aje achungulie masikio yangu, vumbi la maganda bado limo. Kiwanda kilijengwa na Mgiriki mmoja kabla ya uhuru, kikafungwa mwaka wa vita, sabini na nane, tangu hapo kikawa cha popo. Mwaka tisini na mbili akaja Kokubanza, muuguzi mstaafu kutoka Muleba, akasema atakigeuza hoteli yenye ukumbi wa harusi.

Watu walicheka. Chama cha ushirika, wenye jengo, kikampa sharti: afanye harusi moja ya majaribio. Ikienda vizuri, apewe mkataba wa miaka kumi. Ikiharibika, bati zishushwe zikaezeke ghala. Naye alikuwa ameshauza nyumba yake ya Muleba akanunua vitanda.

Nikamwendea. Nikamwambia sakafu ile imeinama, Mgiriki aliiinamisha makusudi ili kahawa iteremke yenyewe hadi kwenye magunia. Nikaongeza habari za msimamizi wetu aliyesinzia upande wa juu, akaja kuamka bandarini Bukoba kashonewa ndani ya gunia, kapigwa muhuri wa daraja la kwanza. Kokubanza akanishauri nikapumzike. Laiti ningeiacha ile ya gunia, angeniamini ile ya sakafu.

Aliniamini siku ya harusi, asubuhi, meza ya soda ilipoanza safari. Tukakimbizana kutafuta vipande vya matofali, tukakingia kila kitu chenye miguu na kisicho na miguu.

Bibi harusi alikuwa binti wa Polikarpi, wa hapahapa Kanoni. Bwana harusi, mtoto wa Byabato wa Igurwa. Polikarpi alikaa upande wa juu na kibuyu chake cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kikubwa kama kondoo mwenye mimba, kimesimamishwa juu ya ngata ya majani ya mgomba, nusu tofali limekikingia mbele. Byabato alikaa chini, karibu na mlango. Wakwe hawa wawili walipaswa kunywa kwanza kutoka kibuyu kimoja, ndipo watu waanze kula.

Polikarpi akatuma ujumbe kwamba pombe iko tayari, mwenzake apande. Byabato akajibu kwamba ametoka Igurwa nyuma ya pikapu, safari aliyosafiri inatosha. Wajumbe wakapanda na kushuka hadi wakachoka. Mwishowe Byabato akakunja mikono.

"Mimi sinyanyuki. Pombe kama inanitaka, inifuate."

"Pombe yangu haina miguu, mkwe," Polikarpi akajibu kutoka juu.

Saa nzima ikapita. Ndizi zikapoa, mchuzi wa mbuzi ukaganda. Evaristi, katibu wa ushirika, akatazama saa yake, kisha akatazama bati. Kokubanza alisimama mlangoni mwa jiko akisokota pindo la kanga, na mimi sikupenda uso wake ulivyokuwa.

Nilikuwa nyuma ya kibuyu. Sasa mguu wangu huu wa kulia una ganzi za uzee. Ukanyooka wenyewe, ukagusa tofali.

Kibuyu kikalala taratibu, kikaanza kuteremka. Kikapita katikati ya kwaya bila kumgusa mtu, kikapinda kuwapisha maharusi, kikafika kwenye viatu vya Byabato kikatulia. Hakikumwaga hata tone.

Byabato akakitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyetoka mbali.

"Imekuja," akasema.

Polikarpi alicheka hadi akaegemea meza, meza ikaruka tofali lake, ikamteremsha yeye na sahani zake hadi kwa mkwe wake. Wakanywa palepale, mrija mmoja. Vigelegele vilipopigwa, popo wa mwisho wakahama.

Evaristi alikula sahani tatu, akautia mkataba sahihi juu ya mkono wa kiti. Akauliza kama sakafu itasawazishwa. Kokubanza akasema haiguswi.

Jioni wakati naaga, alinijia ameshika nusu tofali.

"Mzee wangu, hili lilikuwa mbele ya kibuyu."

Nikamweleza habari za ganzi.

"Pole," akasema. "Basi Jumatatu ulete huo mguu kazini. Nina harusi tatu mwezi huu, na wakwe wa moja hawasalimiani."