Anwani ya Awuor, Nyumba Namba Nne

Jumanne saa tatu asubuhi, Nasrudin, fundi wa kompyuta kutoka Nakuru, aliketishwa mbele ya kompyuta ya ofisi katika shamba moja la maua upande wa Longonot. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Linux. Kila stima ikipotea na kurudi, iliamka na anwani mpya ya mtandao, na printa ikaitafuta isiipate. Jerry, meneja, alitaka ipewe anwani moja, ikae nayo.

Nasrudin alichagua inayoishia na 40. Kabla ya kuiandika akaipigia ping, yaani akaiita mtandaoni aone kama kuna anayeitumia, kama afanyavyo fundi yeyote asiyependa kurudia kazi. Anwani ikajibu.

Chepchumba, karani, hakuinua macho kutoka kwa orodha ya vibarua. "Huyo ni Awuor. Yuko nyumba ya nailoni namba nne."

Nasrudin akaenda. Humo hamkuwa na kompyuta wala waya. Awuor alikuwa ameketi katikati ya mistari ya waridi, amekufa tangu Machi, ovaroli yake bado imelowa dawa. Aliitikia salamu vizuri, ila kila sekunde alinyamaza kidogo ili ajibu ping ambayo Nasrudin alisahau kuizima.

Alieleza pole pole. Siku ile ya kufa kwake dawa ilipigwa saa moja, yeye na wenzake wakaingizwa kukata maua saa mbili, badala ya kungoja kesho yake. Kisha ofisi ikamwandikia mamake kwamba siku hiyo hakuja kazini.

"Hii anwani siachi, fundi. Nikiiacha watasema tena sikuwa hapa. Mwambie meneja amwandikie mamangu kwamba nilikuwa. Basi."

Nasrudin akamfikishia Jerry neno kwa neno. Jerry alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama 41 iko wazi. 41 ikajibu. 42 pia. Chepchumba alikuwa akitaja majina yao bila kusoma popote, mpaka 46.

"Na barua ya mama yake, boss?"

"Barua ilishaenda. Weka mia mbili."

Nasrudin akaandika 200, akajaza anwani ya ruta, akahifadhi, akaizima kompyuta na kuiwasha. Printa ikaiona mara moja. Akauliza mbona waruke mbali hivyo, na 47 haina mtu.

Jerry alikuwa dirishani, akitazama wasichana wakiingia nyumba namba nne, majani yakiwa bado yanadondosha dawa.

"Hizo za katikati ziache," akasema. "Bado tunaajiri."