Gundi ya Injinia

Mume wangu huvua pete ya ndoa kabla ya kugusa umeme. Si dharau. Ni sheria yake tangu alipokuwa fundi wa redio na pasi: chuma kidoleni na umeme havikai nyumba moja. Basi huivua, huiweka mahali anapopaita salama, kisha nyumba nzima tunapiga magoti kuitafuta. Imewahi kupatikana kwenye kopo la kahawa, ndani ya soksi, na siku moja ikiwa imevishwa kwenye shingo ya chupa ya dawa ya kikohozi. Miaka kumi na tisa nimekuwa mke wa mtu huyu na mpelelezi wa pete yake.

Gari langu la umeme ndilo linalotulisha. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi nawachukua wagonjwa watatu wa figo, nawapeleka hospitali wakasafishwe damu, nawarudisha makwao. Mgonjwa wa figo humwambii asubiri wiki ijayo. Kwa hiyo Alhamisi ile, gari liliponizimikia njiani baada ya kumshusha wa mwisho, niliona Jumatatu inanijia mbio.

Kampuni iliyoniuzia gari ilimtuma bwana mmoja mwenye shati lililonyooka kuliko barabara yetu. Alichomeka kompyuta yake, akaitazama, akashusha pumzi.

"Fungu moja la betri limekufa, mama."

"Moja kati ya mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Basi badilisha hilo moja."

"Haiwezekani. Betri hii haifunguliwi. Kiwandani wameigandisha kwa gundi. Inabadilishwa yote." Akataja bei. Nilimwomba airudie, nikidhani amenisomea namba ya simu.

Mume wangu alikuwa mlangoni anasikiliza. Mtaani anaitwa Injinia, jina alilojipa mwenyewe, watu wakachoka kumbishia.

"Haifunguliwi?" alisema. "Kilichofungwa na mtu kitafunguliwa na mtu! Hata jeneza, ambalo hakuna anayetaka kulifungua, lina skrubu!"

Bwana wa kampuni alifunga kompyuta yake, akaaga kwa adabu.

Ijumaa, seremala jirani yetu na wenzake watatu waliishusha betri kutoka chini ya gari kwa jeki mbili na kelele nyingi, wakaiweka juu ya meza yangu ya chakula, ambayo tuliisogeza barazani. Injinia alivua pete, akavaa glovu za mpira, akaanza kupasua gundi kwa kisu changu cha mkate na mashine yangu ya kukaushia nywele. Kila aliyepita alipewa mhadhara. Watu wanaotia gundi badala ya bolti hawana huruma, alisema, wanataka tutupe kitu kizima kwa ajili ya jino moja bovu. Mchana mfuniko ulifunguka, akaenda kwa muuza vyuma chakavu kutafuta fungu zima kutoka gari lililogongwa.

Nilipopita kukusanya vikombe nikaiona pete. Ilikuwa ndani ya kifuniko cha kopo la rangi, pamoja na nati kuukuu na jongoo aliyekufa. Damu ilinichemka. Nikaichukua, nikaitia kwenye mkufu wangu, nikaificha ndani ya gauni. Akiuliza, nitampa pamoja na hotuba. Hotuba nilikuwa nayo tayari, ina sehemu nne.

Hakuuliza.

Jumamosi alifunga fungu alilolipata, akapima, akaridhika. Nilimwambia tu, kwa nia njema, "Hakikisha maji hayaingii." Ilikuwa kama nimemtukania ukoo. Alinunua tyubu sita za gundi nyeusi, akazimaliza zote. Nyani haoni kundule. Mtu aliyewalaani watu wa kiwandani siku nzima alifunga betri ile kwa gundi mara mbili ya ile yao, akaipapasa kwa kidole, akaisifia.

Jumapili asubuhi betri ilirudishwa chini ya gari, na gari likawaka. Nililizungusha mtaa mzima, seremala akapiga makofi, na Injinia akapokea pongezi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni. Ulikaa mfukoni akila, ukakaa mfukoni akifunga vifungo vya shati.

"Mkono una nini?" nilimuuliza.

"Unapumzika."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikwenda kwa miguu kumsalimia dada yangu nikicheka njia nzima peke yangu.

Niliporudi saa tisa, betri ilikuwa juu ya meza yangu tena. Seremala alikuwa amekaa chini ameshika kiuno. Injinia, jasho linamtiririka, alikuwa anapigana na gundi yake mwenyewe, na gundi ilikuwa inashinda.

"Kuna kitu kimelegea humu ndani," alisema bila kunitazama.

Nilijua papo hapo anatafuta nini. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini mtu ukishaandaa hotuba ya sehemu nne, huachi kirahisi.

"Mbona asubuhi lilikwenda vizuri?" nikasema. "Irudishe. Kesho nina wagonjwa."

Akaweka kisu chini. Akautoa mkono wa kushoto mfukoni akauweka mezani, na kidole kilikuwa na alama nyeupe mahali pete inapokaa.

"Mama watoto, ni pete. Nimetafuta kote, pamebaki humu tu. Ingekuwa aibu peke yake ningenyamaza mpaka uzeeni. Lakini pete ikigusisha shaba mbili humu ndani, ni moto. Nawe umekaa juu yake, na wale wagonjwa. Bora unicheke."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hotuba yangu ilitoweka, sehemu zote nne. Nikavuta mkufu kutoka ndani ya gauni, pete ikaning'inia kati yetu.

Seremala alisimama. "Nimekumbuka nina kabati la mtu," akasema, akaondoka na kiuno chake.

"Tangu lini?" Injinia aliuliza polepole.

"Ijumaa."

"Ijumaa! Na ulikuwa unangoja nini?"

"Uniulize."

"Nami nilikuwa naomba usiniulize!"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na sisi tulikuwa wawili tumeuficha nyumba moja. Nilimwomba radhi. Akageukia mfuniko, ambao alikuwa ameshaupasua nusu. Kwa hali ile usingeweza kurudishwa garini.

"Nani alikwambia utie tyubu sita?" nilisema.

"Nani alisema maji yasiingie?"

Tukafanya kazi. Mimi nilipasha gundi moto, yeye akakata, tukigombana taratibu, na jua lilikuwa halijazama mfuniko ulipoachia.

Na ndani, kati ya fungu la tatu na la nne, ilikuwa imelala spana namba kumi.

Kila fundi duniani amepoteza spana namba kumi. Ya kwetu ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi mpini mzima, kama spana zake zote. Kinywa chake tu ndicho kilichokuwa wazi, na kilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye shaba. Shimo moja kubwa la barabarani lingetosha. Mtu aliyevua pete kwa kuogopa umeme alikuwa ameifungia spana humo kwa tyubu sita.

Akavaa glovu, akaichomoa polepole, akaiweka mezani mbali na betri. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

"Unaona?" akasema baadaye. "Sheria yangu ya tepu imetuokoa."

Nilikaribia kumpiga nayo. "Sheria yako? Wizi wangu ndio umetuokoa! Nisingeiba pete ungefungua?"

Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Gundi hatukutia tena. Aliupeleka mfuniko uani, mbali na betri, akatoboa matundu ishirini na manne kwenye ukingo wake, akausafisha, akaweka raba kuzunguka pembe zote, kisha bolti. Kabla ya kufunga nilimsimamisha, nikaita zana zake moja moja kwa sauti, naye akanyoosha kila moja juu, kama mahudhurio ya darasani. Namba kumi niliiita mara mbili. Akakaza bolti ya mwisho, seremala na wenzake wakaja kuirudisha betri garini, ndipo nikamvisha pete.

Jumatatu asubuhi wagonjwa wangu walikuwa garini. Mbele kando yangu aliketi Mwalimu, mmoja wao, mstaafu asiyeacha kusahihisha watu.

"Walisema betri haifunguliwi," alisema.

"Inafunguka, Mwalimu. Bolti ishirini na nne."

Barabara ya hospitali ina shimo ambalo nalijua kama ninavyowajua wanangu. Nilipunguza mwendo, nikashika usukani kwa mikono miwili, tukatumbukia, tukatoka. Nikasikiliza. Hakuna kilichogonga. Kilichosikika ni mgonjwa mmoja nyuma anakoroma.

"Mbona unalia, mwanangu?" Mwalimu aliuliza.

"Vumbi tu, Mwalimu."

Alitazama kulia, akatazama kushoto. "Madirisha yote yamefungwa," akasema.